Mbwa Bandani, Mgeni Sebuleni: Namna ya Kupokea Wageni Ukiwa Unafuga Mbwa

Mgeni kasimama nje ya geti, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine umeshika mfuko wa matunda. Ndani mbwa wawili wanabweka na kulirukia geti mpaka bati linatetemeka. Kutoka kibarazani mwenye nyumba anapaza sauti: "Ingia tu, hao hawaumi!"

Maneno hayo husemwa kwenye mageti ya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, na wengi wanaoyasema wanaamini wanasema kweli. Mbwa hajawahi kumuuma yeye wala mtoto wake. Lakini mgeni si mtu wa nyumbani, na mbwa huyo kafugwa makusudi ili amtambue asiye wa nyumbani na amzuie.

Mwongozo huu ni wa anayefuga mbwa wa ulinzi kwenye nyumba ya kawaida yenye uzio: mchana mbwa yuko bandani au anazurura uani, usiku anafunguliwa. Kanuni yenyewe ni moja. Mbwa anafungiwa kabla geti halijafunguliwa, hata awe mpole kiasi gani, na kazi hiyo ni ya mwenye mbwa. Si ya mgeni, si ya kibao kilichobandikwa getini, na si ya mbwa mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chanjo itangulie mwaliko

Kichaa cha mbwa huenezwa na mate, mara nyingi kwa kung'atwa, lakini pia mate yakiingia kwenye mchubuko, jichoni au mdomoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya wagonjwa huwa wameupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kutegemea. Kwa hiyo mtu mwenye mbwa asiyechanjwa hana budi kumaliza hilo kwanza, kabla ya kuwaza pilau na vinywaji.

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Angalia kalenda: chanjo ya kwanza huhitaji kama wiki 3 hadi 4 kujenga kinga mwilini, hivyo kumchanja Ijumaa kwa ajili ya wageni wa Jumapili hakusaidii Jumapili hiyo. Tanzania mtu wa kumwona ni afisa mifugo wa kata au kliniki ya mifugo iliyo karibu. Kenya ni ofisi ya mifugo ya kaunti. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa kuna kampeni za chanjo katika maeneo mengi, nyingine bila malipo. Ukishachanja, piga picha cheti na uihifadhi kwenye simu. Siku likitokea la kutokea, hutakuwa na muda wa kupekua makabati.

Dawa ya minyoo nayo isisahaulike. Kwa mbwa mkubwa, kila baada ya miezi 3 ni utaratibu mzuri. Watoto wa wageni hukimbilia mchangani kucheza, na mayai ya minyoo ya mbwa yanaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Zoa kinyesi uani kila siku, na asubuhi ya ugeni pita tena kila kona, hasa chini ya miti na nyuma ya tangi la maji. Tazama pia masikio na katikati ya vidole vya mbwa kama ana kupe au viroboto.

Hatua ya pili: banda linaloaminika

Banda bovu ni baya kuliko kutokuwa na banda, kwa sababu linakupa imani ya uongo. Nenda kaliangalie la kwako leo kwa macho ya mbwa anayetaka kutoka.

Anza na mlango. Mlango wa banda ufunguke kwa ndani. Mbwa akiusukuma kwa kifua anaubana zaidi kwenye fremu, na wewe ukiingia na bakuli hawezi kukupita kirahisi. Mlango unaofunguka kwa nje unategemea komeo peke yake, na komeo lililozoea kugongwa hulegea pole pole bila mtu kuona. Weka makomeo mawili, moja juu na moja chini, na lile la juu liwe mahali ambapo mtoto wa miaka sita hafikii. Watoto wa wageni hupenda sana kumfungulia mbwa "aje tucheze".

Kisha angalia chini. Mbwa huchimba. Kama sakafu si ya saruji, fukia wavu au matofali kuzunguka. Banda liwe na nafasi ya mbwa kusimama, kujigeuza na kujinyoosha, liwe na kivuli, na maji yasiyoisha. Paa la bati kwenye jua la Dar huligeuza banda kuwa tanuri, na mbwa aliyeshinda kwenye joto hilo akibweka hatoki akiwa na hali njema. Weka makuti juu ya bati, au lisogeze chini ya mwembe.

Mahali pa banda pia ni jambo. Wengi huliweka pembeni mwa geti ili mbwa "awaone wanaoingia". Matokeo yake kila mgeni anapita hatua mbili kutoka kwenye meno, na mbwa anashinda siku nzima akijifunza kukasirikia watu asiowafikia. Lipeleke nyuma ya nyumba, upande ambao wageni hawapiti kwenda chooni wala jikoni.

Kama banda huna, chumba cha stoo chenye dirisha kinafaa kwa saa chache. Mnyororo uwe chaguo la mwisho na la muda mfupi. Mbwa aliyefungwa mnyororo anajua hawezi kukimbia, kwa hiyo akiogopa kinachombakia ni kuuma, na mtoto hajui mnyororo unafika wapi. Ukilazimika, unyooshe kwanza hadi mwisho, chora duara lake ardhini kwa fimbo au chokaa, na asibaki bila mtu mzima wa kuangalia.

Na kibao? Kiweke, kiandike "MBWA MKALI" kwa herufi kubwa na picha ya mbwa kwa wasiosoma, na chini yake namba ya simu. Ila usidhani kimekuondolea wajibu. Katika sheria ya madai ambayo Tanzania na Kenya zilirithi kutoka Uingereza, swali kubwa ni kama mwenye mnyama alijua mnyama wake ana hatari. Kibao kinaweza kuwa ndicho ushahidi kwamba ulijua.

Hatua ya tatu: mfundishe mbwa kwamba hodi ni habari njema

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi huruka. Mbwa wengi huingizwa bandani kwa kukimbizwa na ufagio wakati mgeni tayari anagonga. Ukifanya hivyo mara kadhaa, mbwa anaelewa kwamba mtu akigonga, yeye atachapwa. Kwa akili yake, mgongaji ndiye aliyeleta kipigo, na chuki yake kwa wageni inaongezeka kila ugeni.

Fundisha kinyume chake, siku ambazo hakuna mgeni. Kwanza, chakula cha jioni apewe bandani tu, mlango ukiwa wazi, mpaka azoee kuingia mwenyewe. Chagua neno moja, "Bandani!", na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Sema neno, tupa kipande cha utumbo au dagaa wachache ndani, aingie, ale, atoke. Rudia mara nne au tano kisha acha. Somo fupi linakaa kuliko refu.

Akishakuwa anaingia akisikia neno, anza kufunga mlango kwa dakika moja, kisha tano, kisha nusu saa, akiwa na mfupa mbichi wa ng'ombe wa kujishughulisha. Mfungulie akiwa ametulia. Ukimfungulia anapobweka, umemfundisha kwamba kubweka ndiko kunakofungua mlango.

Mwisho lete hodi. Mtume kijana wa nyumbani atoke nje, agonge geti na kuita. Ile anagonga tu, wewe sema "Bandani!" na uende na chakula. Baada ya wiki mbili tatu za mazoezi utaona jambo la kupendeza: geti linagongwa, mbwa anabweka mara mbili tatu kama kazi yake inavyomtaka, kisha anageuka na kutangulia nyuma ya nyumba huku akikutazama kama unakuja. Mbwa wa kienyeji anafundishika hivi sawasawa na mbwa wa kizungu. Tusiwadharau.

Asubuhi ya ugeni mtoe matembezi kwa kamba kabla jua halijawa kali. Aliyetembea na kunusa njia nzima hulala bandani. Aliyeshinda amefungwa tangu jana hubweka mpaka wageni washindwe kuongea.

Hatua ya nne: mwambie mgeni mapema

Usisubiri agundue getini. Ukishakubaliana siku, mtumie ujumbe:

"Karibu sana Jumapili. Nyumbani tuna mbwa wawili, siku hiyo watakuwa wamefungiwa nyuma. Ukifika tafadhali nipigie, usifungue geti mwenyewe, nitakuja kukupokea. Kama kuna mtu mnayeongozana naye anaogopa mbwa, au watoto, niambie mapema."

Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Watu wazima hawapendi kusema wanaogopa mbwa. Wataomba udhuru wasije kabisa, au watakaa kwenye ukingo wa kiti saa mbili nzima wakitazama mlango. Ukiuliza wewe, unawaondolea aibu. Na akikwambia anaogopa, usicheke, usimwambie "huyu ni mdogo tu". Pengine alikimbizwa na mbwa akitoka shule, au ana jirani aliyezikwa kwa kichaa cha mbwa. Woga wake una sababu.

Wasiotangaza kuja ni tatizo jingine: fundi wa bomba, msoma mita ya maji, bodaboda aliyeleta mzigo, mjumbe wa mtaa, mwanafunzi anayeuza maandazi. Kwa hao weka kengele nje, na mchana geti liwe limekomewa kwa ndani muda wote. Geti lililorudishiwa tu ndilo linaloumiza watu, maana mgongaji akibisha hodi mara tatu bila jibu husukuma, achungulie kwa heshima zote. Kama una mtumishi wa nyumbani au mlinzi, mjue wazi nani mwenye jukumu la mbwa kwa saa hiyo. "Nilidhani wewe umemfungia" ni sentensi inayosemwa njiani kuelekea hospitali.

Hatua ya tano: dakika tatu za getini

Mpangilio ni huu, na hauvunjwi hata mgeni akiwa mama mzazi:

Simu ikiita au geti likigongwa, jibu kwa sauti, "Nakuja, subiri kidogo hapo nje!" Peleka mbwa bandani. Funga makomeo yote mawili, kisha vuta mlango kwa mkono kuhakikisha. Hesabu mbwa kama wako zaidi ya mmoja. Ndipo uende getini.

Mgeni akiingia, funga geti nyuma yake kabla hamjaanza salamu. Sisi salamu zetu ni ndefu, za shikamoo na habari za huko na za watoto, na katikati ya hizo geti linabaki wazi. Kama mbwa amepata mwanya wa kutoka bandani, huo ndio muda wake wa kuingia barabarani akagongwe na gari au amkute mtoto wa jirani.

Ikitokea mbwa katoroka na anamkimbilia mgeni, mpigie kelele mgeni asikimbie: "Simama! Tulia!" Mbwa hufukuza kinachokimbia. Asimame wima, mikono imebanwa mwilini, asimkazie macho. Aliyeanguka ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono. Wafundishe na watoto wako hivyo hivyo: kusimama tuli, kimya, mpaka mkubwa afike.

Mgeni yuko ndani

Sasa mbwa yuko nyuma, mgeni kakaa, chai imekuja. Mambo machache bado yanahitaji jicho.

La kwanza ni usafi, na kwa mgeni Mwislamu lina uzito wa pekee. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na nguo iliyoguswa haifai kuswalia mpaka itoharishwe. Mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda wameruhusiwa, kwa hiyo mgeni hakuhukumu kwa kufuga. Anachohitaji ni kuondoka kwako akiwa na kanzu yake safi. Usimruhusu mbwa kupita kumnusa "kumsalimia". Piga deki sebule kama mbwa huingia humo. Tandika mkeka wa kuswalia ambao mbwa hajawahi kuukanyaga, na kama hauna, sema ukweli, mgeni atajua la kufanya. Vyombo vya mbwa viwe na alama, vioshwe kando kwa dodoki lao, visiingie kabisa kwenye beseni la vyombo vya watu. Hilo la vyombo ni zuri kwa afya ya kila mtu, wa dini yoyote.

La pili ni watoto. Mtoto hukimbia, hupiga yowe, hukumbatia, huingiza vidole kwenye wavu. Banda lililofungwa vizuri bado linaweza kumjeruhi mtoto aliyepitisha mkono. Chora mpaka unaoonekana, "mwisho wenu ni hapa kwenye mpapai", na mkubwa mmoja apewe kazi ya kuwatazama kwa jina lake, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Mbwa aliyezaa karibuni asisogelewe na mgeni yeyote, hata kumwona mtoto wa mbwa kwa mbali kupitia dirishani inatosha.

La tatu ni mifupa. Wageni wana huruma, na mbwa anajua kuomba. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, vikamchoma koo au utumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Pombe pia, na kuna watu hufikiri ni burudani kummiminia. Weka ndoo yenye mfuniko kwa mabaki, na uombe waziwazi: "Jamani, naomba mbwa tusimpe chochote, nimeshamlisha." Hakuna mgeni atakayechukia.

Kama mgeni anataka kumzoea mbwa

Wapo wanaopenda mbwa, au ndugu anayekuja mara kwa mara ambaye ni bora azoeane naye. Hilo lifanyike kwa hiari ya pande zote mbili, mbwa akiwemo, na lisifanyike mgeni anapofika. Subiri nusu saa au zaidi, kelele za kubweka ziishe.

Mtoe mbwa akiwa na mkanda wa shingoni na kamba mkononi mwako, kamba ikiwa imelegea kidogo, maana kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba kuna hatari. Mgeni asimame ubavu, aongee na wewe, amwache mbwa kama hayupo. Mbwa asogee mwenyewe, anuse viatu na nguo. Akigeuka na kuondoka, jibu ni hapana kwa leo. Akibaki akiwa amelegea mwili, mgeni amkune kifuani au begani, asipitishe mkono juu ya kichwa, asiiname juu yake, asimbusu. Sekunde tatu, aache. Mbwa akirudi kuomba tena, endelea.

Wewe mwenye kamba usimtazame mgeni, mtazame mbwa. Mkia kutikisika peke yake hakuna maana ya furaha. Mkia uliosimama wima na kutetemeka kwa haraka huku mwili umekakamaa ni onyo. Kujilamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, masikio kulala nyuma, mkia kuingia katikati ya miguu: hayo yote ni mbwa anasema hajisikii vizuri. Kuganda ghafla, mdomo ukafungwa, ndiko kunakotangulia meno. Ukiona lolote kati ya hayo, ondoka naye kwa utulivu, bila kumvuta.

Na akinguruma, usimpige. Kunguruma ni onyo alilokupa kabla ya kuuma. Mbwa anayechapwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza, na siku akizidiwa anauma bila kutoa sauti. Wale mbwa ambao watu husema "alimrukia ghafla tu, hakuwa na dalili" mara nyingi walishafundishwa kuficha dalili.

Kama una mtoto wa mbwa, tumia wageni vizuri. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapojifunza nani ni wa kawaida duniani: mzee mwenye bakora, mama wa buibui, mtu wa kofia ya pikipiki, mtoto anayelia. Kila mmoja wa hao ampe punje ya chakula. Hatapoteza ulinzi kwa hilo. Mbwa anayejua watu wa kawaida walivyo ndiye anayemtambua asiye wa kawaida.

Mgeni anayelala

Hapa ndipo penye hatari kuliko pote, kwa sababu usiku mbwa wanafunguliwa na wenyeji wamelala. Fikiria nyumba yenye choo cha nje. Saa nane usiku mgeni anaamka, anafungua mlango wa nyuma taratibu asiwasumbue wenyeji, anatembea kwa kunyata gizani. Kwa mbwa, huyo ni mwizi kamili: ananyata, harufu ngeni, usiku wa manane. Mbwa akimuuma atakuwa ametimiza alichofundishwa.

Kwa hiyo mgeni akilala, chagua moja kati ya mawili. Ama mbwa wabaki bandani usiku huo, na kwa siku za ugeni mlinzi au taa zifanye kazi yao. Ama mgeni apewe ndoo au choo cha ndani na aonyeshwe kwa mkono mlango asiofungua. Mimi nachagua la kwanza kila mara, kwa sababu mtu aliyeamka usingizini hakumbuki maelekezo. Mwambie kabla ya kulala mbwa wako wapi, na mwekee namba yako akupigie hata kama mko vyumba vinavyopakana.

Uliza pia ataamka saa ngapi. Wengi wanaowahi basi la mkoani hutoka saa kumi alfajiri, na anayeswali msikitini hutoka adhana ya alfajiri inapoanza. Wewe uamke kabla yake, uhakikishe banda, umsindikize mpaka nje ya geti.

Mgeni wa wiki nzima hazoeleki kwa mbwa siku ya tatu eti kwa kuwa wameshaonana. Mbwa aliyemvumilia mchana mbele yako anaweza kumkataa usiku ukiwa haupo.

Sherehe na msiba

Kipaimara, Idi, harusi, Krismasi: watu ni wengi, muziki ni mkubwa, geti haliwezi kufungwa. Hapo banda la nyuma halitoshi. Mpeleke mbwa kwa ndugu au jirani anayemjua, tangu jana yake, na chakula chake. Spika na fataki humtia mbwa hofu mpaka akavunja alichofungiwa, na wengi hupotea usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Mkanda wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika humrudisha nyumbani.

Msiba hauna taarifa ya jana yake. Habari inafika, na ndani ya saa moja uwanja umejaa watu, turubai linafungwa, wanawake wanakoka moto pale pale mbwa alipozoea kulala, na mwenye mbwa ndiye mfiwa, hana akili ya mambo hayo. Kubaliana na jirani mmoja mapema, wakati wa raha, kwamba likitokea lolote yeye atakuja kumchukua mbwa bila kuulizwa. Amzoee mbwa kwa kumlisha mara moja moja. Majirani, ukisikia kilio kwenye nyumba yenye mbwa, hiyo ni kazi ya kwanza unayoweza kumfanyia mfiwa.

Mbwa akiuma

Yote haya yakishindikana, fanya kwa mpangilio huu na kwa haraka.

Mfungie mbwa. Usimpige, usimuue. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa. Ni muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, mkono utachoka, endelea. Sabuni ya kufulia inatosha. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa nyingine ya kubahatisha, na usilifunge kwa kulikaza.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoka damu kidogo tu, na hata kama mbwa amechanjwa. Beba cheti cha chanjo. Daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo huanza mara moja na kuendelea siku ya 3, siku ya 7 na pengine zaidi kulingana na utaratibu wa hospitali. Jeraha baya linaweza kuhitaji pia sindano za kinga zinazochomwa kuzunguka kidonda. Ataangalia na pepopunda. Uliza kwanza kwa simu kama dawa ipo, maana vituo vidogo vingi huwa havina.

Toa taarifa kwa afisa mifugo. Mbwa anayeonekana mzima huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Akiwa na kichaa, ndani ya muda huo ataugua au kufa, na daktari atajua la kufanya. Ndiyo sababu mbwa asiuawe kwa hasira wala asipelekwe kijijini kufichwa. Akifa, usimzike kabla afisa mifugo hajapata habari, na usimshike mikono mitupu.

Nauli, dawa na kila dozi ni juu ya mwenye mbwa. Usingoje kudaiwa. Andika tarehe za sindano za mgeni wako kwenye simu yako mwenyewe, mpigie siku moja kabla ya kila tarehe, na kama anaishi mbali mtumie nauli, kwa sababu wengi huacha dozi za mwisho kidonda kikishakauka.